Shule ya sekondari ya kata: mpango, michango na nafasi ya wananchi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya ni yale yanayorudi karibu kila mkutano wa wazazi, kila kikao cha bodi na kila baraza la kijiji linapogusa shule. Majibu yanahusu shule za sekondari za serikali Tanzania Bara, hasa shule za kata. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Shule ya kata ni ya nani, ya serikali au ya wananchi?

Kisheria ni shule ya serikali. Walimu wanaajiriwa na serikali, usajili unatolewa na Kamishna wa Elimu, na msimamizi wa karibu ni halmashauri, ambayo ilikabidhiwa uendeshaji wa sekondari mwaka 2009.

Lakini nyingi ya shule hizi zisingekuwepo bila mikono ya wananchi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, nchi ilikuwa na sekondari karibu 1,300. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Wananchi walifyatua tofali, wakasomba mawe na mchanga, wakachimba misingi, na serikali ikaongezea bati, samani na walimu. Kwa hiyo anayemwambia mzazi kwamba shule "ni mali ya serikali, haikuhusu" ameisahau historia ya majengo anayofundishia.

2. Mpango wa maendeleo ya shule ni nini hasa?

Ni makubaliano ya maandishi yanayoeleza shule iko wapi leo, inataka kufika wapi katika miaka michache ijayo, itaanza na nini, fedha zitatoka wapi na nani atasimamia nini. Kutokana na mpango huo hutengenezwa mpango kazi na bajeti ya mwaka mmoja mmoja.

Mpango mzuri hauishii kwenye majengo. Ukisoma mipango mingi utakuta kurasa za vyumba vya madarasa na mistari miwili tu ya ufaulu wa hisabati, utoro, au wasichana wanaoacha shule kidato cha pili. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu darasa jipya haliwezi peke yake kumrudisha shuleni mtoto aliyeacha kwa sababu ya njaa au umbali.

3. Bodi ya shule, kamati ya shule na mkutano wa wazazi vinatofautianaje?

Kamati ya shule ni chombo cha shule ya msingi. Sekondari ina bodi ya shule, iliyowekwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 na marekebisho yake. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi. Mwenyekiti hatoki miongoni mwa walimu wa shule hiyo, na majina ya wajumbe hupendekezwa kisha kuthibitishwa na mamlaka za elimu. Bodi hupitia na kupitisha mpango na bajeti, hufuatilia mapato na matumizi, hushughulikia nidhamu nzito na huishauri menejimenti ya shule.

Mkutano wa wazazi hauna mamlaka ya bodi, lakini ndio wenye watoto na ndio wenye mifuko. Bodi inayoamua mambo makubwa bila kuupitia mkutano huo itapata saini na kukosa watu. Baadhi ya shule zina pia umoja wa wazazi na walimu, ambao hufaa sana kwa mambo ya kila siku kama utoro, chakula na malezi.

4. Mimi si mjumbe wa bodi. Sauti yangu inapitia wapi?

Kwenye njia tatu. Ya kwanza ni mkutano wa wazazi wa shule. Ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji (au wa mtaa, kwa mijini), ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana haki ya kuhudhuria, awe na mtoto shuleni au la. Mkutano wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ya tatu ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na ambamo wenyeviti wa vijiji hukaa. Jambo lililozungumzwa kijijini likaingia kwenye muhtasari lina nafasi ya kufika kata, na kutoka kata kwenda halmashauri. Lililozungumzwa kijiweni huishia pale pale.

## Kupanga

5. Mpango na bajeti vianze kuandaliwa lini?

Mwaka wa masomo huanza Januari, ila mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Halmashauri hukusanya mahitaji ya mwaka wa fedha unaofuata miezi mingi kabla, na kufikia mwanzo wa mwaka wa kalenda makisio yanakuwa yameshaanza kufungwa. Shule inayosubiri mkutano wa wazazi wa Machi ili kuuliza mahitaji imechelewa. Mazungumzo na wazazi yafanyike kati ya Septemba na Novemba, bodi ipitishe, kisha mpango uende kata na halmashauri.

6. Kila mtu ana hitaji lake. Tunaanzia wapi?

Anzeni na takwimu za shule yenu wenyewe, zikiandikwa kwenye karatasi kubwa ambayo kila mtu mkutanoni anaiona. Viwango vya kitaifa vinavyotumika kwa sekondari ni wanafunzi 40 kwa darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Kama yako sita, mjadala wa kipi kitangulie kati ya choo na uzio umeshapata mwanga.

Halafu ulizeni maswali ambayo majengo hayayajibu. Walioanza kidato cha kwanza miaka minne iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi wamefika kidato cha nne? Walioondoka walikwenda wapi? Nani anatembea mbali zaidi? Somo gani halina mwalimu kabisa? Walimu wanakaa wapi? Mwalimu wa fizikia aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga huomba uhamisho mapema, na maabara mpya inabaki imefungwa kufuli.

Mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo vijiji vingi vimeshaitumia, inafaa hapa pia, kwa sababu inawalazimisha watu waorodheshe walichonacho kabla ya wanachokosa. Kijiji kinaweza kuwa na mchanga, mafundi, eneo la bustani, na mhitimu wa chuo aliyerudi nyumbani na yuko tayari kufundisha kwa kujitolea kwa utaratibu uliokubaliwa na shule. Vyote hivyo ni rasilimali za mpango.

Mkishaorodhesha, chagueni mambo matatu au manne ya mwaka. Mpango wenye vipaumbele 17 hauna kipaumbele hata kimoja.

7. Kwa nini mwaka 2028 unatajwa kila mahali?

Kwa sababu ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inayofanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo, wenzao waliowatangulia wanamaliza darasa la saba. Mikupuo miwili inaingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028.

Kwa shule yenu maana yake ni hesabu rahisi. Nendeni kwenye shule za msingi zinazowaletea wanafunzi, chukueni idadi ya watoto wa mikupuo hiyo miwili, jumlisheni, gawanyeni kwa 40. Jibu ni vyumba vya madarasa vya kidato cha kwanza peke yake. Wakiwa 360, mnahitaji vyumba tisa, pamoja na viti, meza, vyoo na walimu. Na mkupuo huo mkubwa utapanda nao madarasa hadi kidato cha nne. Bodi ambayo haijaiweka hesabu hii mezani inapaswa kuiweka kwenye kikao chake kijacho.

8. Wanafunzi nao washirikishwe?

Ndiyo, na si kwa kumwita kiranja mkuu asome risala. Wanafunzi wanajua choo kipi hakina mlango, njia ipi ina bodaboda wasumbufu, na kipindi kipi mwalimu haingii. Wasichana wazungumze peke yao na mwalimu mwanamke wanayemwamini, maana mambo ya hedhi na usalama hayasemwi mbele ya umati. Baraza la wanafunzi liandike, mkuu wa shule alete maandishi hayo kwenye bodi kama yalivyo.

## Fedha na michango

9. Elimu ni bila ada. Mbona bado tunaombwa michango?

Ada ya sekondari hadi kidato cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, iliondolewa kuanzia Januari 2016. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji na fidia ya ada moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulifafanua majukumu: mzazi anabaki na sare, madaftari, matibabu ya mtoto na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Jamii bado inaruhusiwa kuchangia maendeleo ya shule kwa hiari na kwa utaratibu. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, na tangu hapo walimu wengi wanaogopa hata kulitaja neno lenyewe. Hofu hiyo inaeleweka. Njia ya kuiondoa ni mchango uanzie kwa wananchi wenyewe: wazazi wakubaliane mkutanoni, muhtasari uandikwe, bodi ipitishe, na kibali kipatikane kutoka mamlaka za wilaya kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa.

Nionavyo mimi, malalamiko mengi ya michango si ya kiasi. Mzazi anakasirika anapoletewa kiwango ambacho hakukijadili, kwa kazi ambayo hakuichagua, na mwakani asisomewe matumizi.

10. Mtoto anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga?

Hapana. Wala hazuiwi kufanya mtihani, wala haitwi mbele ya paredi. Deni la mchango, kama lipo, ni mazungumzo ya watu wazima.

11. Na chakula cha mchana?

Hapa ndipo ushirikiano wa wazazi unapoleta matokeo ya haraka kuliko jambo jingine lolote. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula hawezi kufuatilia kipindi cha mchana, hata mwalimu awe hodari vipi.

Panapofanikiwa, wazazi wanachagua kamati yao ya chakula, wanachanga kwa msimu wa mavuno badala ya kila mwezi, na wanaruhusu mahindi, maharage au kuni badala ya fedha. Stoo ina daftari la kuingiza na kutoa, na mzazi mmoja wa zamu hushuhudia kipimo cha kila siku. Mwalimu asiwe mtunza stoo peke yake. Swali gumu ni la watoto ambao wazazi wao hawajachangia. Kuwanyima uji mbele ya wenzao kunawaumiza bila kosa lao. Ni bora wazazi waamue mapema, mkutanoni, kwamba kiwango kitabeba na wale wasiojiweza kabisa, na mwenyekiti wa kitongoji awatambue kimyakimya.

12. Nani ashike fedha za mchango?

Si mwalimu mkononi, si mwenyekiti mfukoni. Fedha ziingie benki kwenye akaunti iliyoidhinishwa na kila mchangiaji apewe stakabadhi halali. Vifaa vilivyotolewa badala ya fedha, kama mifuko ya saruji au tripu za mchanga, viandikwe kwenye leja kwa idadi na thamani. Bila hivyo nguvu za wananchi hazionekani kwenye taarifa, na halmashauri haitajua mmechangia kiasi gani.

13. Tutajuaje fedha za serikali zilizofika na zilivyotumika?

Ulizeni. Taarifa ya fedha zilizopokelewa inapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mapato na matumizi yasomwe kwenye bodi na kwa wazazi. Tangu 2017 shule na zahanati zinatumia mfumo wa FFARS kuandika hesabu zake, hivyo taarifa ya robo mwaka ipo. Kilichobaki ni kuitoa kwa lugha ambayo bibi aliyemlea mjukuu wake ataielewa: tulipokea kiasi gani, tukanunua nini, kwa nani, kimebaki nini. Mkigomewa, tazama swali la 20.

## Ujenzi

14. Tumeinua boma hadi lenta. Serikali italimalizia lini?

Hakuna tarehe ya jumla. Ukamilishaji wa maboma hutegemea bajeti ya halmashauri, fedha za serikali kuu, na wakati mwingine Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Boma ambalo halikuwa kwenye mpango wa halmashauri tangu mwanzo linaweza kunyeshewa miaka mingi.

Agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012 la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu lilitupa somo. Wananchi waliitikia kwa nguvu kubwa, lakini kuta nyingi zilisimama bila paa, na nyingine zilikamilika bila gesi, maji wala vifaa. Watu waliotoa jasho lao wakaona nyasi zinaota ndani ya jengo lao, na safari iliyofuata wakakataa kuitika.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi, hakikisheni mambo haya: mhandisi wa halmashauri ametoa ramani na makadirio ya vifaa, jengo limo kwenye mpango wa kata, na mnajua kwa maandishi ni nani atapaua. Kama uwezo wenu ni darasa moja, jengeni moja mpaka watoto waingie. Maboma manne yasiyo na bati hayamsitiri mtoto hata mmoja.

15. Fedha za ujenzi zikiletwa shuleni, wananchi wana kazi gani?

Kubwa. Kwa utaratibu wa force akaunti, shule haimkabidhi mkandarasi kazi yote, bali inanunua vifaa na kumlipa fundi. Huundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wananchi huingia humo. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, kwa shilingi milioni 20 kila moja, na 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari.

Mjumbe wa kamati ya mapokezi asisaini kitu ambacho hajakihesabu. Ikiwa hati inasema nondo 60, ahesabu 60. Na mtu mmoja asikae kwenye kamati zaidi ya moja, kwa sababu aliyenunua hawezi kujipokelea mwenyewe.

## Hali za pekee

16. Vijiji viwili vya kata moja vinagombania shule mpya ijengwe wapi. Tufanyeje?

Rudini kwenye swali la 6: watoto wako wapi, na wanatembea kiasi gani? Chora ramani ya vitongoji na idadi ya wanafunzi, ongeza mito inayojaa masika na upatikanaji wa maji. Uamuzi ufanywe na Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa kutumia ramani hiyo, wataalamu wa halmashauri wakiwepo. Kijiji kitakachokosa kipewe jibu la kweli kuhusu zamu yake, liandikwe.

17. Eneo la shule lilitolewa na mzee kwa mdomo. Amefariki, na wanawe wanalidai.

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Tafuteni muhtasari wa mkutano wa kijiji wa wakati ule na mashahidi walio hai, mkae na familia kwa heshima mbele ya serikali ya kijiji kabla ya kwenda baraza la ardhi. Kwa maeneo mapya, msianze bila maandishi yaliyosainiwa na mtoaji, mwenzi wake na watoto wakubwa, na muhtasari wa kijiji. Kisha ombeni eneo lipimwe na shule ipate hati.

18. Watoto wetu wamepanga mageto karibu na shule kwa sababu ya umbali. Ni jambo la shule au la wazazi?

Ni la wote. Msichana wa miaka 15 anayepika na kulala peke yake kwenye chumba cha kupanga yuko hatarini, na kila mtu kijijini analijua hilo. Hosteli ndiyo suluhisho la kudumu na iwe kwenye mpango. Wakati inasubiriwa, shule iwe na orodha ya wanafunzi wote wa mageto na wenye nyumba wao, serikali ya kijiji iwatambue wenye nyumba hao, na wazazi waliokubali kuwa walezi wagawane watoto wa kuwatembelea jioni. Kazi hii haihitaji bajeti.

19. Kuna mgodi jirani unaotaka kutusaidia. Tupokee tu?

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kampuni ya uchimbaji hupaswa kuwa na mpango wa mwaka wa wajibu kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Pelekeni mpango wenu wa shule kwenye halmashauri ili msaada ufuate vipaumbele vyenu. Bila mpango, mtaletewa kile ambacho mfadhili anacho, na kinaweza kuwa kompyuta 20 mahali pasipo na umeme.

20. Mkuu wa shule hataki kusoma mapato na matumizi.

Anzeni na mwenyekiti wa bodi, kwa maandishi. Mara nyingine tatizo ni kwamba bodi imemaliza muda wake na hakuna aliyeiteua upya, basi dai la kwanza liwe bodi mpya. Jambo lisipokwisha, nendeni kwa afisa elimu kata, kisha afisa elimu sekondari wa halmashauri, ambako mkaguzi wa ndani anaweza kutumwa. Pakiwa na dalili za wizi au rushwa, TAKUKURU wana ofisi wilayani. Msivamie ofisi ya shule wala msimwaibishe mwalimu mbele ya wanafunzi wake; mtampoteza hata mwalimu mwaminifu.

21. Binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi? Wazazi wengine wanapinga.

Anaruhusiwa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unawaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurejea katika mfumo rasmi. Bodi haina kura ya kupiga hapo. Iliyonayo ni kazi: kumtuma mjumbe nyumbani kwao, kuuliza nani atabaki na mtoto, kuhakikisha hachekwi darasani, na kumpa mwalimu wa kumsaidia masomo aliyoyakosa. Jina lake lisitajwe kwenye mkutano wa hadhara.